Nani Kamweka Nyuma?

Hotuba hii niliitoa kwenye mkutano wetu wa mwaka, sisi watu wa mbio za farasi wanaovuta vigari, mbele ya waendeshaji, wenye farasi, watunzaji na waamuzi. Waliokosa kufika wameomba niiweke yote. Nimeiacha kama nilivyoisema. Michoro iliyokuwa ukutani nimeiruka.

Ndugu Mwenyekiti, wazee wangu, waendeshaji wenzangu, na ninyi watunza farasi mnaoamka kabla ya alfajiri wakati sisi wengine tunageukia ubavu wa pili: shikamooni wakubwa, hamjambo nyote.

Niliombwa niseme juu ya haki. Neno hilo ni kubwa kwangu, kwa hiyo nimelipunguza. Leo nitasema juu ya mita tano. Ndiyo, mita tano tu: umbali kati ya pua ya farasi aliyepangwa safu ya mbele na pua ya yule aliyepangwa nyuma yake, katika safu ya pili.

Niliwahi kuendesha farasi jike mmoja wa rangi ya kahawia, mpole bandani na mkali uwanjani. Siku moja kura ya kupanga nafasi za kuanzia ikatutupa safu ya pili, nyuma ya namba nne. Mnaojua kiti kile mnajua mtu anaona nini. Aliye mbele anaona gari la kuanzishia mbio, lile linalowatangulia farasi mpaka mstari, mabawa yake yametanuka, na uwanja wote uko wazi. Mimi niliona magurudumu mawili na mgongo wa mwenzangu. Gari likaongeza kasi, mwanzishaji akatuachia, mabawa yakakunjwa. Papo hapo namba nne akavunja mwendo, akapiga shoti.

Kwa wageni waliomo humu: katika mbio hizi farasi haruhusiwi kupiga shoti. Wapo wanaokanyaga kwa mshazari, mguu wa mbele wa kulia pamoja na wa nyuma wa kushoto. Wapo wanaopeleka miguu ya upande mmoja kwa pamoja. Akiuacha mwendo wake, mwendeshaji lazima amtoe njiani na amrudishe kwenye mwendo, na hapo anapoteza nafasi. Adhabu hiyo ni yake, na ni ya halali. Lakini mimi je? Kushoto kuna farasi, kulia kuna farasi, mbele kuna farasi anayehangaika. Nikavuta hatamu kwa nguvu zangu zote. Nilipopata upenyo, wenzangu walikuwa wanaingia kona ya kwanza, na mimi wa mwisho.

Jike yule alimaliza wa tano. Robo ya mwisho aliikimbia kwa kasi kuliko mshindi; saa ilikuwa mkononi mwangu. Nikamrudisha bandani akitoka jasho na povu, nikijiuliza swali ambalo leo nawauliza ninyi. Nani alimshinda? Namba nne? Mimi? Au yule aliyetumbukiza mkono kwenye chombo cha kura siku mbili kabla? Nani kamweka nyuma?

Tuanze na sababu ya kuwepo kwa safu ya pili, maana wapo wanaodhani ililetwa kwa ubaya. Hapana. Zamani farasi walikuja kwenye mstari kwa kujipanga wenyewe wakiwa katika mwendo, na mwanzishaji akiona mmoja katangulia anawarudisha wote. Wanarudi, wanakuja tena, wanarudishwa tena. Watazamaji wanachoka, farasi wanachoka, hasira zinapanda. Mwaka 1946, kwenye uwanja wa Roosevelt Raceway huko New York, likaingia gari lenye mabawa yanayokunjwa, kazi ya Stephen Phillips. Likamaliza ugomvi ule. Gari linatangulia, farasi wanalifuata pua zikiwa karibu na bawa, kasi inapanda taratibu mpaka mstari, kisha gari linakimbia na kuwaachia njia.

Ila bawa lina urefu wake, na uwanja una upana wake. Kwenye viwanja vingi vya nusu maili huko Marekani wanapanga wanane mbele. Meadowlands, kule New Jersey, ambako uwanja ni wa maili nzima, wanapanga kumi. Ufaransa, mbio zinazoanzishwa kwa gari zina tisa mbele na tisa nyuma. Australia na New Zealand nao wana safu zao. Kila mahali hesabu ni ile ile: wakizidi waliojiandikisha, waliozidi wanakwenda nyuma. Safu ya pili ilizaliwa na wingi wa farasi na wembamba wa njia. Haikuzaliwa na hila.

Basi tatizo liko wapi?

Mtetezi wa utaratibu huu atakwambia: kura ni kura. Na kweli, kura haina mjomba. Haimjui tajiri wala maskini, haimjui mwendeshaji mkongwe wala aliyepata leseni jana. Nimeshuhudia upangaji wa nafasi mara nyingi na sijaona ukifanyiwa ujanja. Mimi siishtaki kura kwamba inadanganya. Ninachosema ni kwamba mkono safi unaweza kugawa fungu bovu. Mikate kumi na watu kumi na wawili: ukipiga kura kwa uaminifu kabisa, bado wawili watalala njaa. Uaminifu wa kugawa ni jambo moja, na usawa wa kilichogawiwa ni jambo jingine, na sisi kwa miaka mingi tumejibu swali la pili kwa jibu la lile la kwanza.

Wakishindwa hapo wanakimbilia muda. Kura hujisawazisha, wanasema. Leo uko nyuma, kesho utakuwa ndani, ukingoni kabisa. Sawa. Kwa farasi mzima anayekimbia kila wiki, mwaka nenda mwaka rudi, nakubali. Lakini hebu tazameni mashindano makubwa. Hambletonian, iliyoanza mwaka 1926, ni ya farasi wa miaka mitatu tu. Little Brown Jug, iliyoanza mwaka 1946 kule Delaware, Ohio, nayo ni ya miaka mitatu tu. Farasi anakuwa na miaka mitatu mara ngapi? Nauliza tena: mara ngapi? Mwambieni mwenye mwanafarasi aliyesubiri tangu siku ya kuzaliwa kwake kwamba kura itajisawazisha mwakani. Mwakani farasi wake ana miaka minne. Kura haina mjomba, na haina kumbukumbu pia.

Sasa nawaleta kwa farasi mmoja wa New Zealand, Cardigan Bay. Najua wapo humu wanaosema nikipewa dakika kumi nitamtaja tu. Wanasema kweli.

New Zealand wana desturi ya kuanza wakiwa wamesimama, na farasi hodari hurudishwa nyuma kwa kipimo: mita kumi, mita ishirini, zamani yadi. Aliyeshinda sana anaanza nyuma ya wenzake. Cardigan Bay alikulia katika utaratibu huo. Alishinda Auckland Cup mwaka 1961, akarudia mwaka 1963, na kwa farasi wa sifa zake kuanza nyuma lilikuwa jambo la kawaida. Baadaye akapelekwa Marekani, akiwa si kijana tena, akamshinda Bret Hanover, farasi bingwa wa huko, kwenye uwanja wa Yonkers mwaka 1966. Mwaka 1968 akawa farasi wa kwanza wa mbio za vigari kufikisha dola milioni moja za zawadi.

Kwa nini namtaja? Kwa sababu farasi huyu alianza nyuma mara nyingi, na sijasikia mtu akisema alionewa. Hata wenye kumpenda hawakusema. Mbona hawakusema? Kwa sababu kila mtu uwanjani alijua nani kamweka nyuma. Ni yeye mwenyewe! Ushindi wake ndio uliomrudisha. Zile yadi zilikuwa kama medali iliyovaliwa kinyume. Anayeanza nyuma kwa sababu ana nguvu amebebeshwa mzigo unaolingana na mabega yake. Anayeanza nyuma kwa sababu karatasi yake imechomoka ya tisa amebebeshwa mzigo wa nani?

Ndiyo maana navutiwa na upangaji wanaoutumia Australia na New Zealand katika baadhi ya mbio, ambapo kura haipigwi kwa wote kwa pamoja. Farasi wanagawanywa kwa daraja au kwa fedha walizoshinda. Wale dhaifu wanagawiwa nafasi za ndani, wale wenye nguvu wanasukumwa nje na nyuma. Hapo safu ya pili inapata maana. Utaratibu huo una ugonjwa wake, nisiufiche: mwenye farasi mjanja ataanza kuogopa kushinda mbio ndogo, asije akapandishwa daraja. Waamuzi mliopo hapa mnawajua watu hao kwa majina, na baadhi yao wamekaa karibu nanyi.

Sasa twende kwenye zile mita tano. Hapa naomba mnivumilie, nitapiga hesabu.

Farasi anayemaliza maili moja kwa dakika 1 na sekunde 55 anakwenda mita 14 kila sekunde. Kwa hiyo mita tano ni kama theluthi moja ya sekunde. Ni nyingi, ndiyo, mbio hushindwa kwa pua. Lakini farasi mzuri anaweza kuifidia theluthi ya sekunde katika maili nzima, na ingekuwa hiyo tu, nisingesimama hapa. Mita tano si kitu, ndugu zangu. Mlango ndio kitu. Safu ya pili haikupi tu umbali, inakunyima njia. Ukitaka kwenda mbele lazima ama usubiri aliye mbele yako akupeleke, ama utoke nje. Na kutoka nje kuna bei yake.

Bei hiyo inapimika. Chukua njia ya kigari kuwa mita moja na nusu. Farasi anayekimbia njia moja nje ya mwenzake wa ukingoni, kwa mzunguko mzima, anakimbia mita 9.4 zaidi. Je, uwanja ukiwa mkubwa anaongeza kidogo? Wengi wenu mnatikisa kichwa kukubali. Hapana! Ni mita moja na nusu mara mbili mara 3.14, basi. Ukubwa wa uwanja haumo kabisa katika hesabu hii. Nilipoambiwa mara ya kwanza nilibisha, nikaenda kuchora mchangani, nikarudi nimenyamaza.

Kilichomo ni idadi ya mizunguko. Kwenye uwanja wa maili nzima, mbio za maili moja ni mzunguko mmoja, kona mbili: umeongezewa mita 9.4. Kwenye uwanja wa nusu maili, mbio zile zile ni mizunguko miwili, kona nne: umeongezewa karibu mita 19, yaani sekunde moja na theluthi. Na hiyo ni njia moja tu nje. Ukisukumwa njia mbili nje, zidisha mara mbili. Tena huko nje unapasua upepo mwenyewe, wakati aliye ndani nyuma ya kiongozi amekingwa kama mtoto mgongoni mwa mama yake.

Kwa hiyo mtu akiniuliza, je, safu ya pili ni dhuluma? Namjibu kwa swali: uwanja gani, na umbali gani? Kule Vincennes, Ufaransa, Prix d'Amérique inakimbiwa mita 2,700, farasi hadi 18, na hawatumii gari kabisa. Katika umbali ule aliyeanza vibaya ana muda wa kutulia, kutafuta mgongo wa kumkinga, na kupanga upya. Lakini maili moja, nusu maili kwa mzunguko, kona ya kwanza iko pale pale mbele ya macho? Huyo aliyepangwa safu ya pili upande wa nje ana muda gani? Ana muda wa kusema bismillah.

Nawasikia wazee huko nyuma wakinong'ona: kutangulia si kufika. Methali nzuri. Nimeambiwa mara nyingi, hasa na watu waliopangwa namba mbili.

Lakini nitawatendea haki, kwa sababu wana hoja. Safu ya pili si shimo moja, ina vyumba vizuri na vibaya. Ukipangwa nyuma ya farasi mwenye mwanzo wa kasi, yule wa ukingoni anayechukua uongozi, unatelezeshwa mpaka mgongoni kwake bila kutumia jasho. Unakaa ndani, umekingwa na upepo, unasubiri. Nimeshinda mbio namna hiyo, na zawadi nilizipokea bila kulalamika hata kidogo. Sheria za Marekani zinakwenda mbele zaidi: mwendeshaji wa safu ya pili anaruhusiwa kuchagua farasi wa mbele wa kumfuata, ilimradi asimzuie wala kumnyang'anya nafasi mwenzake aliye nyuma pamoja naye. Naiona kuwa sheria yenye akili. Inamrudishia mtu kitu kimoja kati ya vile kura ilivyomnyima, yaani uamuzi.

Ila sheria hizo hizo zina jambo linaloniuma. Farasi wa safu ya mbele akiondolewa siku ya mbio, labda amechechemea asubuhi, wenzake wa safu ya mbele wanasogea ndani kuziba pengo. Aliye safu ya pili je? Anabaki safu ya pili. Sasa picha ndiyo hii: bawa la gari lina nafasi tupu mwishoni, upana wa kutosha kabisa, na farasi mzima anakimbia nyuma ya wenzake akiitazama. Niliona hivyo siku moja nikiwa mtazamaji. Mtunzaji mmoja kijana aliyesimama karibu nami akaniuliza, "Mzee, mbona pale hakuna mtu?" Nilianza kumweleza kanuni. Katikati ya maelezo nikaona sina la kusema.

Mtetezi ana jibu, na si la kipuuzi. Atasema: watu wameshaweka fedha zao. Aliyebashiri amemlipia farasi wa safu ya pili kama farasi wa safu ya pili. Ukimleta mbele saa ya mwisho umembadilishia bidhaa. Nakubali kwamba hapo mtu wa kubashiri anastahili kulindwa. Lakini naomba mlione jambo moja. Huyu mtu wa kubashiri ndiye pekee uwanjani anayelipwa kwa ubaya wa nafasi. Farasi akipangwa nyuma, wengi wanamkwepa, na malipo yake akishinda yanapanda. Aliyemwamini anapata fidia yake palepale dirishani. Mwenye farasi je? Zawadi ni ile ile. Malisho ni yale yale. Mhunzi wa kwato hakupunguzii kwa sababu ulianza safu ya pili. Mwendeshaji anapata asilimia ile ile ya nafasi ya tano. Na farasi mwenyewe, ambaye hakuna aliyemuuliza, amekimbia mita 19 zaidi.

Nimalizie na ninachoomba. Karatasi mnayo mikononi.

La kwanza ni mashindano ya ubingwa: safu ya pili isiwepo kabisa. Inawezekana? Nendeni Solvalla, Stockholm. Elitloppet wanaikimbia tangu mwaka 1952. Farasi 16, makundi mawili ya wanane, wote mbele. Wanne wa kwanza wa kila kundi wanaingia fainali, wanane tena, wote mbele, siku hiyo hiyo. Atakayeshindwa ameshindwa na farasi. Najua mchujo unagharimu farasi mbio mbili kwa siku moja, na madaktari wa mifugo wetu wana wasiwasi. Basi mchujo uwe wiki moja kabla. Wapo wanaofanya hivyo, na mbio zao hazijafa.

La pili ni lile pengo tupu. Farasi wa safu ya mbele akiondolewa kabla ya saa itakayowekwa, na dau zikiwa hazijafunguliwa, wa kwanza wa safu ya pili apande mbele. Baada ya saa hiyo, abaki. Sioni wa kuumia hapo isipokuwa mchapaji wa ratiba, naye nitamwomba radhi mwenyewe.

La tatu linahusu mbio za kawaida za kila wiki, ambako safu ya pili itaendelea kuwepo, maana farasi ni wengi na viwanja havitapanuka kwa hotuba yangu. Naomba kura ipewe kumbukumbu. Farasi aliyeanza safu ya pili leo, jina lake lisitumbukizwe tena kwenye fungu la safu ya pili katika mbio zake mbili zinazofuata kwenye uwanja huo huo. Karani mmoja na daftari moja vinatosha. Nililitoa pendekezo hili mara moja huko nyuma, likakataliwa kwa kelele, na aliyepiga kelele zaidi alikuwa na farasi watatu waliopangwa ukingoni wiki ile.

Nadhani hata leo mtalikataa. Naomba tu mlikatae kwa kuandika majina yenu, na pembeni ya jina kila mmoja aandike namba aliyoanzia mara ya mwisho. Mwenyekiti, kalamu ziko mezani.